Paneli Tisa Upande wa Mwalimu

MJOMBA: Haloo? Haloo! Nani mwenzangu?

FUNDI: Mjomba, wewe ndiye uliyepiga.

MJOMBA: Najua nimepiga mimi. Nahakikisha tu. Siku hizi unampigia fundi, anapokea mtu wa bima.

FUNDI: Ni mimi. Shikamoo.

MJOMBA: Marahaba, marahaba, binti wa dada yangu! Hujambo? Karakana haijambo? Mbao hazijambo?

FUNDI: Mbao hazijambo. [mlio wa msumeno wa umeme, kisha kimya] Ngoja... nimezima mashine. Haya. Nani anaumwa?

MJOMBA: Hakuna anayeumwa! Mtu hawezi kumpigia mpwa wake mpaka kuwe na mgonjwa?

FUNDI: Mwaka mzima hujanipigia.

MJOMBA: Mwaka? Acha bwana. Mwaka gani huo?

FUNDI: Tangu ile siku ya uzio wako.

MJOMBA: Ah. Naam. Sasa unaona, hapo hapo. Umegusa penyewe. Huo uzio ndio nakupigia. Ile mvua ya juzi alasiri, kwenu ilifika?

FUNDI: Ilifika. Iling'oa bati moja la banda.

MJOMBA: Bati moja! Basi kwenu ilipita kusalimia tu. Kwangu, mpwa wangu, ule haukuwa upepo, lilikuwa lori. Uliingia getini, ukakata sebuleni bila hodi, ukatokea jikoni na pazia langu shingoni. Nikatoka nje na kandambili moja. Nikaona paneli ya uzio inanyanyuka, nzima, na misumari yake. Ikakaa hewani. Ikatazama huku, ikatazama kule, kama mgeni anayetafuta namba ya nyumba. Ndipo ikashuka.

FUNDI: Paneli ngapi?

MJOMBA: Eh?

FUNDI: Zilizoshuka. Ngapi?

MJOMBA: Mbili.

FUNDI: Mbili.

MJOMBA: Mbili tatu hivi.

FUNDI: Mjomba, natakiwa kupasua mbao. Siwezi kupasua mbao za mbili tatu hivi.

MJOMBA: Basi weka tano. Ukihesabu na zile zilizolala.

FUNDI: Zilizolala si ndizo zilizoanguka?

MJOMBA: Zipo zilizoanguka, zipo zilizolala. Nyingine zimepumzika tu.

FUNDI: Mjomba.

MJOMBA: Tisa.

FUNDI: Tisa. Upande gani?

MJOMBA: Upande wa... kule. Jua linakozama.

FUNDI: Upande wa jirani yako, Mwalimu.

MJOMBA: Ukipenda kuuita hivyo.

FUNDI: Na upande wa barabarani?

MJOMBA: Upande wa barabarani upo.

FUNDI: Upo vipi?

MJOMBA: Upo. Umesimama. Hata buibui hakuhama.

FUNDI: Zote?

MJOMBA: Zote. Kumi na moja. Sasa sikiliza, nataka uje kesho, saa mbili hivi, Mwalimu akishaondoka kwenda shuleni. Pita uchochoro wa nyuma, gari uliache kule kwenye kisima. Ukimaliza kabla hajarudi, itakuwa vizuri mno.

FUNDI: Nipite nyuma, niache gari kisimani. Nakuja kujenga au nakuja kuiba?

MJOMBA: Ha ha! Una maneno wewe, kama mama yako. Ni... kumsitiri tu. Asisumbuke na makelele ya nyundo.

FUNDI: Nyundo ambazo hatakuwepo kuzisikia.

MJOMBA: Ndiyo. Yaani, hapana. Unanielewa.

FUNDI: Paneli ziliangukia wapi?

MJOMBA: Chini.

FUNDI: Chini kwa nani?

MJOMBA: Kwa Mwalimu. Kwenye hoho zake. Alikuwa na matuta sita, mpwa wangu, yamenyooka kama mistari ya daftari. Sasa hivi ni kachumbari.

FUNDI: Na yeye ameona.

MJOMBA: Ameona. Alikuja hapo hapo, mvua bado inamalizikia. Akasema pole.

FUNDI: Na wewe ukasema?

MJOMBA: Nikasema asante, pole na wewe.

FUNDI: Na baada ya hapo?

MJOMBA: Krrr... mpwa wangu... krrr... mtandao... krrr... sikupati—

FUNDI: Mjomba.

MJOMBA: ...krrr... kesho saa mbili... krrr—

FUNDI: Mjomba, mtandao mbovu hauvuti pumzi katikati.

MJOMBA: Kifua tu. Ile mvua ilininyeshea.

FUNDI: Nikusomee ujumbe nilioupata leo saa moja asubuhi. Uko hapa. "Habari za asubuhi, Fundi. Kamati ya shule inakaa leo saa nne kuamua nani ajenge uzio wa watoto wadogo. Nasikitika nitaliondoa jina lako, ingawa mimi ndiye niliyelipeleka. Kazi yako imelala juu ya hoho zangu, na sitaki siku moja ilale juu ya mtoto. Samahani sana." Basi. Ameweka na jina lake.

[Jogoo anawika mbali]

FUNDI: Upo?

MJOMBA: Nipo.

FUNDI: Nimekaa na ujumbe huu tangu saa moja. Najiuliza, kazi yangu ipi? Maana mimi upande wa Mwalimu sikugongelea hata msumari. Nilimaliza upande wa barabarani, paneli kumi na moja. Nikaanza kupima upande wa pili, ukaniambia—

MJOMBA: Najua nilikuambia nini.

FUNDI: Mbele ya wenzako uliofanya nao kazi stoo. Nilisema tu na huku tuache nafasi kati ya ubao na ubao, kama kule barabarani, upana wa kidole, upepo upate pa kupita.

MJOMBA: Nikasema uzio wenye nafasi ni kama mdomo wenye mapengo.

FUNDI: Wakacheka.

MJOMBA: Wakacheka. Nawe ukasema, "Mjomba, hilo ndilo linaloangusha uzio wa watu wasiojua." Wakacheka zaidi. Wakanicheka mimi.

FUNDI: Ukaniambia nikusanye vyombo vyangu, utamalizia mwenyewe.

MJOMBA: Nikamalizia. Nikabananisha ubao kwa ubao, hata sisimizi atafute njia nyingine.

FUNDI: Nguzo uliziunguza miguu ili zisioze?

MJOMBA: Niziunguze tena? Nguzo si kuni.

FUNDI: Mashimo ulichimba kina gani?

MJOMBA: [kwa sauti ndogo] Mpaka nilipochoka.

FUNDI: Sasa niambie ulimwambia nini Mwalimu.

MJOMBA: Mpwa wangu, nilikuwa nimesimama pale nimelowa, mguu mmoja na kandambili, mwingine kwenye tope mpaka kwenye kifundo. Yeye ana mwavuli. Akatazama mbao, akanitazama mimi. Akauliza, taratibu, kwa ile sauti wanayowaulizia watoto nani kavunja kioo: "Mzee, huu si ule uzio uliojenga mwenyewe?"

FUNDI: Maana ulimwambia umejenga mwenyewe.

MJOMBA: Niliwaambia... niliwaambia watu.

FUNDI: Wote? Hata upande wa barabarani?

MJOMBA: Hasa upande wa barabarani. Ule ndio watu wanaouona.

FUNDI: [anacheka kidogo, anaacha] Endelea.

MJOMBA: Basi mdomo ukatangulia, mimi nikabaki nyuma naukimbiza. Nikasikia unasema, "Ule wa barabarani ndio nilijenga mimi. Huu nilimwachia fundi." Akauliza fundi yupi. Na mdomo bado uko mbele.

FUNDI: Ukanitaja.

MJOMBA: Nikakutaja.

FUNDI: Yaani ulizigeuza. Zilizosimama zako, zilizoanguka zangu.

MJOMBA: Ziligeuka zenyewe mdomoni.

[Mtu anafagia, karibu na simu ya Fundi]

MJOMBA: Sikujua habari za kamati. Naapa. Sikujua kwamba yeye ndiye aliyepeleka jina lako.

FUNDI: Unajua alilipeleka kwa nini? Mama alimwambia. Walikutana sokoni. Mama akamwambia binti yake ni fundi wa uzio. Hakumwambia uzio upi. Alinyamaza kwa ajili yako.

MJOMBA: Dada anajua?

FUNDI: Mjomba, nani hajui? Mimi najua mwaka mzima. Yule rafiki yako wa stoo, yule mwenye kofia ya pamba, ambaye siku ile hakuwepo, alikuja hapa karakana kuagiza meza. Akaniambia, "Binti, nenda kamwangalie mjomba wako ujifunze jinsi ya kuacha nafasi kati ya mbao. Yule mzee ana mkono."

MJOMBA: Ee Mola wangu.

FUNDI: Ana mkono.

MJOMBA: Na wewe ukamjibu nini?

FUNDI: Nikamwambia nitakwenda.

MJOMBA: Ungemwambia ukweli.

FUNDI: Uzio ulikuwa umesimama. Haikuwa na ubaya wowote. Nilijiambia, acha mzee afurahi.

MJOMBA: [anakohoa] Unajua, stoo nilikaa miaka thelathini na nne. Kila kilichopita mkononi mwangu kilitengenezwa na mtu mwingine. Viti, ndoo, mashuka, madawati. Kinaingia, natia tiki. Kinatoka, natia tiki. Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani, na yenyewe niliitia tiki. Halafu siku moja mtu anapita barabarani, mtu nisiyemjua, anasimama, anasema, "Mzee, uzio mzuri huu, nani kajenga?" Nikasema mimi. Ikatoka. Tena ilitoka tamu. Kesho yake nikakaa nje na kiti, nikangoja apite mwingine.

FUNDI: Mjomba—

MJOMBA: Sijitetei. Nakueleza tu ilivyokuwa tamu.

FUNDI: Saa ngapi hapo?

MJOMBA: Saa tatu na dakika ishirini.

FUNDI: Mwalimu ameshatoka?

MJOMBA: Bado. Yuko bustanini kwake anaokota hoho zilizopona. Kavaa nguo za kikao, kofia, na mabuti ya mpira.

FUNDI: Uko mbali naye?

MJOMBA: Hatua kumi hivi. Hakuna uzio katikati, unakumbuka. Ndiyo maana naongea kwa chini.

FUNDI: Wewe umekaa wapi?

MJOMBA: Nyuma ya pipa la maji.

FUNDI: Umejificha nyuma ya pipa.

MJOMBA: Sikujificha. Nimechuchumaa.

FUNDI: Mjomba, una miaka sitini na mbili.

MJOMBA: Na magoti yananikumbusha. Sikiliza, nitamwambia jioni akirudi, nimepata na maneno mazuri—

FUNDI: Kikao ni saa nne.

MJOMBA: Basi nimwandikie ujumbe.

FUNDI: Wewe ujumbe wa "nimefika" unaandika robo saa.

MJOMBA: Nimwambie siku ile ulikuwa na homa? Mkono ukatetemeka?

FUNDI: Nimejenga paneli tisa na homa.

MJOMBA: Au nimwambie alikuwa fundi mwingine. Nilichanganya. Fundi mwingine kabisa, na ameshafariki, maskini.

FUNDI: Mjomba!

MJOMBA: Basi amehama.

[kimya]

FUNDI: Sawa. Acha.

MJOMBA: Niache nini?

FUNDI: Usimwambie kitu. Kazi nyingine itakuja. Paneli zako nitakuja kuzitengeneza. Wewe ni kaka wa mama yangu, sitakuacha na kiwanja wazi. Kesho saa mbili, kama ulivyosema. Nitaacha gari kisimani. Nitapita uchochoroni.

MJOMBA: Usiseme hivyo.

FUNDI: Nimesema nini? Nimekubali.

MJOMBA: Ndiyo hivyo hivyo. Bora ungenitukana.

FUNDI: Siwezi kukutukana, Mjomba.

MJOMBA: Najua huwezi. Mama yako kakulea. [anaguna] Upite uchochoroni. Mtu mwenye karakana yake. Usikate simu.

FUNDI: Unafanya nini?

MJOMBA: Nanyanyuka. Ah! Goti. Usikate, nasema. Nikibaki peke yangu nitageuka katikati ya njia. [nyayo kwenye matope] Mwalimu! Mwalimu, habari za asubuhi! ... Salama kabisa. ... Hapana, nilikuwa nalikagua pipa. ... Ndiyo, kwa kuchuchumaa. Hukaguliwa hivyo. ... Mwalimu, nina neno. Unajua ile juzi, ule upepo haukuwa upepo, lilikuwa lori, uliingia getini—

FUNDI: Mjomba.

MJOMBA: Ndiyo. Ndiyo. Nasema. Mwalimu, hizi mbao zilizolala hapa ni zangu mimi. Nilizipigilia mwenyewe. Mashimo nilichimba mimi, na sikuyachimba sawasawa. Juzi nilikudanganya. Hakuna fundi aliyegusa upande huu.

[Kelele za mtandao]

FUNDI: Amesemaje?

MJOMBA: [kwa chini] Hajasema. Ameshika hoho.

FUNDI: Ana hasira?

MJOMBA: Anaigeuza geuza. Sijui kama— ngoja. Ndiyo, Mwalimu? ... Naam. ... Naam. ... Hapana, haya... Asante.

FUNDI: Nini?

MJOMBA: Anasema nimefanya vizuri kusema. Anasema... krrr—

FUNDI: Mjomba, usianze.

MJOMBA: Si mimi! Huu ni mtandao wenyewe! Unasikia?

FUNDI: Sasa nasikia. Anasema nini?

MJOMBA: Anasema kila mtu huteleza. Kwamba ikiwa pande zote mbili ni zangu, basi ule wa barabarani nimeutendea haki, na huu labda nilikuwa nimechoka. Anasema kila asubuhi akienda kazini huutazama ule wa barabarani. Anauliza kama ninaweza kwenda naye saa nne, niishauri kamati.

FUNDI: Wewe?

MJOMBA: Mimi. Anasema kuna kiti.

[kimya kirefu. Mtandao unakwaruza]

MJOMBA: Mpwa wangu? Upo?

FUNDI: Nipo.

MJOMBA: Husemi kitu?

FUNDI: Sina la kusema, Mjomba.

MJOMBA: Sema neno moja tu. Unisukume.

FUNDI: Sikusukumi.

[Ndege. Mlango wa gari unafungwa mbali]

MJOMBA: Mwalimu. Hapana. ... Hapana, si kiti. Kiti ni kizuri. Ni kwamba mimi sijui hata randa inashikwa upande gani. Ule wa barabarani si wangu. ... Naam, nilikuambia ni wangu. Nilimwambia na mtu wa posta, na muuza maziwa, na kasisi na imamu, kila mmoja kwa siku yake. Si wangu. Ni wa huyu hapa kwenye simu, binti wa dada yangu. Aliniambia tuache nafasi upepo upite. Nikamfukuza kwa sababu watu walinicheka. ... Ndiyo, huyo huyo uliyemwandikia asubuhi. ... Huyo huyo. Samahani. Niseme nini zaidi? Sina zaidi.

[nyayo za mabuti zinaondoka]

FUNDI: Mjomba?

MJOMBA: Ameondoka.

FUNDI: Amekwenda kikaoni?

MJOMBA: Hapana. Amezunguka mbele. Yuko barabarani, na mabuti. Ngoja nisogee... Ameinama. Anatia kidole kati ya ubao na ubao.

FUNDI: Anafanya nini?

MJOMBA: Anatia kidole. Nafasi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ee, mama huyu! Kila nafasi anatia kidole.

FUNDI: Zinalingana. Nilipimia kidole changu cha shahada.

MJOMBA: Sasa ameshika nguzo. Anaitikisa. Anaitikisa kwa mikono miwili. Mpwa wangu, anasukuma kwa bega! Mwanamke mzima na nguo za kikao, anasukuma uzio wangu— uzio wako.

FUNDI: Na?

MJOMBA: Hakuna kitu. Kofia imemdondoka, uzio haukusogea.

[Fundi anapumua]

MJOMBA: Anarudi. Mungu wangu, anarudi. Hanitazami mimi, anatazama simu. ... Ndiyo, Mwalimu, bado yuko hewani. ... [kwa chini] Anakutaka. Anasema kabla ya saa nne anataka kusikia unaunguza nguzo kwa namna gani, na— [mlio: tii] Yalaa! Salio!

FUNDI: Nakupigia mimi. Ukiona namba yangu usipokee wewe, mpe yeye.

MJOMBA: Na mimi niende wapi? Sina pa kuweka uso huu.

FUNDI: Usiingie ndani. Ukiingia ndani leo utatoka baada ya wiki mbili, nakujua.

MJOMBA: Basi nitasimama pembeni, mbali kidogo, kama sanduku la barua— [mlio: tii] Mwalimu! Mwalimu, toka hapo! Hiyo nguzo ya kona, ni yangu hiyo, imebaki kwa kujikaza tu! Ngoja! Ngoja niishike!

FUNDI: Mjomba! Imemgusa?

MJOMBA: [anahema] Haikumgusa. Nimeikumbatia. Piga, mpwa wangu, piga sasa hivi. Simu anashika yeye. Mimi mikono yangu yote—

[simu inakatika]